Ushauri: Nataka kuomba kuiongoza timu ya maktaba ya Python ya chanzo huria

Mchakataji:
Wakuu, salaam. Kuna maktaba ya Python ya chanzo huria inayosafisha data za fomu zinazojazwa kwenye simu. Mwanzilishi ametangaza kwamba anang'atuka, na anayetaka kuiongoza timu apeleke maombi ndani ya wiki tatu. Watunzaji wengine wawili wanabaki. Nimechangia msimbo hapo kwa miaka miwili. Malipo hakuna. Maombi yaandikwe vipi, na wapi watu hukwama?

Fundi_Seva:
Mkuu, usipeleke wasifu wa kuombea kazi ofisini. Andika ukurasa mmoja wenye viungo. Anza na amri ya Git (mfumo unaotunza historia ya msimbo), `git shortlog -sne --since="1 year ago"`, ujue nani anafanya kazi kweli, maana hao ndio watakaokupima. Kisha onyesha maeneo matatu: misimbo ya wengine uliyoikagua, tiketi ulizozifunga ukaeleza sababu, na toleo lolote ulilosaidia kulitoa. Msimbo wako mwenyewe uweke mwisho. Kiongozi wa mradi wa hivi hushinda akisoma kazi za watu kuliko kuandika yake, na waombaji wengi huangukia hapo: wanajisifia vipengele vipya walivyoongeza.

Taja muda wako bila kuuongeza chumvi: "saa 5 kwa wiki, Jumanne na Alhamisi kuanzia 17:00 UTC". Andika UTC (saa ya kimataifa) hivyohivyo. Ukiandika saa 2 usiku ya kwetu Afrika Mashariki, aliye Ulaya hatakuelewa. Mwajiri wako akiwa anaitumia maktaba hiyo, sema mapema kabla hawajagundua wenyewe.

Bi_Usalama:
Naongezea, na hili naomba ulichukulie kwa uzito. Tangu mkasa wa xz, programu huria ya kubana mafaili, kila anayeomba funguo za mradi anaangaliwa mara mbili, na ni haki. Aliyejiita Jia Tan alianza kuchangia mwaka 2021, akaunti nyingine zikamshinikiza mtunzaji aongeze mtu, naye akapewa nafasi. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya mwaka 2024 yakatoka na mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia kompyuta za watu. Mtaalamu wa programu Andres Freund aliugundua kwa sababu kuingia kwenye seva kwa mbali (SSH) kulikuwa kunachelewa kidogo, akatangaza tarehe 29 Machi.

Kwa hiyo usiombe kila kitu kwa mkupuo, na usimharakishe mwanzilishi. Pendekeza mwenyewe makabidhiano ya hatua: kwenye PyPI, ghala la mtandaoni la vifurushi vya Python, uanze na ngazi ya Maintainer, inayokuruhusu kupakia matoleo tu. Ngazi ya Owner, inayoweza kuongeza na kuondoa watu, uipate baada ya matoleo mawili. Wamiliki wasipungue wawili wakati wowote.

Jambo jingine kutoka xz: sehemu iliyoamsha shambulio ilikuwa ndani ya faili lililofungashwa la toleo, kwenye Git haikuwepo. Ahidi kwenye maombi kwamba kila toleo litajengwa na mtambo wa majaribio kutoka kwenye tagi ya Git (alama ya toleo kwenye historia ya msimbo), kamwe si kwenye kompyuta yako. Tumia Trusted Publishing ya PyPI, ambapo mtambo huo unapakia toleo kwa kutambuliwa na PyPI moja kwa moja; hapo hakuna tokeni (nywila ya programu) ya kudumu ya kuibiwa.

Mzee_Tagi:
Bi Usalama kamaliza. Mimi nitagusa orodha ya mali. Kabla ya kuomba, uliza kila kimoja kiko kwa nani: PyPI, hazina ya GitHub (msimbo unapohifadhiwa), tovuti ya nyaraka, jina la kikoa, barua pepe ya kupokea taarifa za usalama. Kikoa ndicho husahaulika. Mwezi Mei 2022 kifurushi cha ctx kilitekwa kwenye PyPI kwa sababu kikoa cha barua pepe ya mwenyewe kiliisha muda, mtu akakinunua na kubadilisha nywila.

Kama hazina iko kwenye akaunti binafsi ya mwanzilishi, omba ihamishiwe kwenye akaunti ya shirika la mradi. Viungo vya zamani vitaelekezwa vyenyewe, lakini Trusted Publishing itagoma, maana PyPI imeandikisha jina la mmiliki wa zamani. Rekebisha hapo kwanza, ndipo utoe toleo.

Fundi_Seva:
Na muda wa uongozi uandikwe. Mradi wa Debian, mfumo huria wa Linux, huchagua kiongozi kila mwaka, na kura ina nafasi ya kuwakataa wagombea wote. Python, baada ya mwanzilishi wake Guido van Rossum kuachia ngazi Julai 2018, iliunda baraza la watu 5, wasiozidi 2 kutoka kwa mwajiri mmoja. Nyie watatu baraza hamlihitaji. Faili la GOVERNANCE.md la mistari ishirini linatosha: muhula wa mwaka mmoja, na pendekezo lisilopingwa kwa saa 72 linapita.

Mchakataji:
Asanteni sana. Kuna maombi ya wachangiaji ya kuunganisha msimbo wao (pull request) kama 60 yamelala. Niahidi kuyamaliza?

Bi_Usalama:
Usiahidi kuyamaliza, ahidi kuyajibu. Usiyafunge kwa roboti, watu wataondoka. Wiki ya kwanza endesha majaribio upya kwa yote, yanayofeli waulize wenyewe kama bado wapo. Marekebisho madogo yenye majaribio yake yaunganishe kwanza, halafu utoe toleo dogo la kurekebisha hitilafu pekee. Hilo litawaonyesha watunzaji wenzako uwezo wako kuliko barua yoyote.

Mzee_Tagi:
Toleo hilo la kwanza usiondoe Python ya zamani. 3.9 imefikia mwisho wa huduma Oktoba 2025, lakini iache hadi toleo kubwa, na ukiiondoa sahihisha `requires-python` (mstari unaotaja Python inayohitajika), la sivyo pip, programu ya kusakinisha vifurushi, itawapa wenye seva za zamani toleo lisilofanya kazi kwao. Ukikosea, toleo usilifute. Litie alama ya *yank* (limeondolewa kwenye matumizi): pip italiruka, walioandika namba yake kamili kwenye miradi yao wataendelea kulipata. Ukilifuta, jina la faili lile PyPI haitakuruhusu kulitumia tena.