Wauza samaki wa mapambo, mkia-upanga mnawauza kwa uongo na wanakufa mikononi mwetu

Wakuu, leo asubuhi nimemtoa jike wangu wa mwisho. Alikuwa amebanwa nyuma ya filta, mkia umechanika nyuzinyuzi, tumbo limejaa mimba. Huyu ni wa nne. Nilinunua sita, nimebaki na wawili, na hasira niliyonayo imenishinda kuimeza.

Siku ya kununua niliuliza, jamani. Sikukurupuka. Niliuliza tangi la ukubwa gani, nikajibiwa lita 20 zinawatosha sana, hawa ni samaki wagumu. Nikauliza maji, nikaambiwa jaza ya bomba leo, tia samaki leo. Nikauliza dume ni yupi, muuzaji akawaangalia kwa sekunde mbili akasema, "Wote hao majike, hawatakusumbua."

Watatu walikufa ndani ya siku tisa. Walianza kwa kupanda juu na kuvuta hewa kwenye uso wa maji, mashavu yamewaka wekundu, na chakula hawakitaki. Maji yalikuwa maangavu kabisa, ndiyo maana sikushtuka mapema. Kumbe kilichowaua ni amonia, sumu isiyo na rangi. Samaki anaitoa mwenyewe kupitia mashavu yake, mabaki ya chakula yakioza yanaiongeza, na bakteria wa kuigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa, huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga kwenye sponji ya filta. Tangi langu lilikuwa na umri wa saa mbili! Halafu mkia-upanga anapenda maji magumu, yenye madini mengi, na pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya 7 hadi 8 na kidogo, na kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia inavyozidi kuwa sumu. Yaani maji yanayomfaa ndiyo yanayomuua haraka zaidi tangi likiwa bichi. Na ile klorini, dawa ya kusafishia maji ya bomba inayodhuru samaki, hakuna aliyenitajia.

Nilipoyajua haya nikabadilisha maji kila siku, nikawaokoa watatu waliobaki. Nikadhani yameisha.

Wiki kadhaa baadaye nikaona kwa mmoja wa hao "majike" ncha ya njano imechomoza kwenye ukingo wa chini wa mkia, fupi kama punje ya mchele. Mara na wa pili. Upanga huo, alama ya dume! Madume wawili, jike mmoja, lita 20. Hakuwa na pa kujificha. Walimfukuza kutwa, wakichoka naye wanageukiana wenyewe. Samaki huyu anahitaji majike wawili au watatu kwa kila dume, tena kwenye tangi refu, kwa sababu asili yake ni mito na vijito vya Meksiko hadi Hondurasi na kazi yake ni kuogelea. Jike porini anaweza kufika sentimita 16. Lita 20 kwa samaki sita wa aina hii ni ukatili, mimi mwenyewe nimeufanya bila kujua na unaniuma.

Nikampigia muuzaji. Akaniambia mkia-upanga wa kike hugeuka madume, ni kawaida. Hapo ndipo nilipochemka. Wapo madume wanaochelewa kukomaa, wanakua wakubwa huku wakifanana na majike kwa miezi, ndiyo hao watu wanasema wamegeuka. Jike mzee anaweza kuota kitu kama upanga, lakini wangu hawakuwa wazee. Na anayeuza samaki kila siku anajua pa kutazama: pezi la chini ya tumbo. La jike limefunguka kama kipepeo cha mkono, la dume hujikunja likawa jembamba kama kijiti, na hubadilika kabla upanga haujaota. Kama samaki bado wadogo mno, sema "bado wadogo, sijui." Ningemshukuru.

Na hata wangekuwa majike watupu, "hawatakusumbua" bado ni uongo. Jike aliyewahi kukaa na dume hutunza mbegu tumboni kwa miezi na huzaa kila baada ya wiki nne hivi, vifaranga makumi kwa mkupuo. Mtu wa lita 20 atawapeleka wapi?

Hao madume wawili nimewatenganisha kwa wavu katikati ya tangi. Wanaoneshana mapezi kupitia matundu tangu asubuhi. Nataka kuhamia tangi la lita 120 lenye mfuniko, maana wanaruka, ila safari hii sitii samaki mpaka kipimo kisome amonia sifuri na nitriti sifuri. Aliyefanikiwa kuweka madume wawili pamoja na kundi la majike bila kuumizana anieleze alipangaje. Na wewe uliyenunua mkia-upanga, andika hapa neno kwa neno ulichoambiwa siku ile.