Mjadala: Blauzi ya sari ni ya Mhindi au ya Mwingereza?

Mtoa mada: Wakuu, mimi nasema wazi. Sari ni kitambaa kimoja kirefu kisichoguswa na sindano. Blauzi na petikoti, ile sketi ya ndani, ni aibu iliyoletwa na Mwingereza, ndiyo maana hata majina ni ya Kiingereza. Anayebisha alete hoja.

Mchangiaji 1: Nabisha, kaka. Nenda makumbusho ya Mathura, kule India, ukaione sanamu ya mfalme Kanishka, wa karne ya 2. Kichwa hakipo ila nguo za kushonwa zipo: koti refu kupita magoti, na mabuti mazito ya mpanda farasi. Wakushani, watu wake Kanishka, walikuja na mavazi hayo kutoka Asia ya Kati. Mwingereza hapo yuko wapi?

Tena huu ufungaji wa leo, ncha ikitupwa bega la kushoto, una historia yake. Jnanadanandini Devi, mke wa Satyendranath Tagore, afisa wa serikali ya Mwingereza, alitoka Bengal, mashariki mwa India, ambako mwanamke wa heshima alijifunga sari tupu kwa kuwa hatoki nje. Mwaka 1864 akamfuata mumewe Bombay, akawakuta wanawake wa Kiparsi wakitembea mjini. Akaiga ufungaji wao, ila ncha akaihamishia bega la kushoto, akauongezea blauzi na sketi ya ndani, kisha akatangaza kwenye jarida la wanawake kwamba yuko tayari kufundisha. Na hao Waparsi asili yao Iran, na sari zao za gara zilidariziwa korongo na maua na mafundi wa Kichina. Sasa tumvue nani?

Mtoa mada: Dada, hapo umenisaidia mimi. Mama huyo alikuwa anaalikwa mpaka tafrija za Gavana Mkuu. Bila macho ya wazungu angehangaika na blauzi?

Mchangiaji 2: Kwa matajiri wa Calcutta, sawa. Lakini kule Travancore, ufalme wa kusini mwa India, wanawake wa Kinadar, watu wa tabaka la chini, walikatazwa kufunika kifua mbele ya watu wa tabaka la juu. Walipigwa, wakachaniwa nguo hadharani, na hawakuacha kuvaa. Maharaja, yaani mfalme, aliporuhusu, mwaka 1859, aliruhusu koti, au kitambaa duni cha kujifunga kama wanawake wa wavuvi. Kujifunga kitambaa kama wanawake wa tabaka la juu bado ilikuwa marufuku. Waliokuwa wakiwavua hao dada walikuwa Wahindi wenzao.

Mtoa mada: Hilo la Wanadar sikulifikiria, nakiri. Lakini majina bado ni ya Kiingereza.

Mchangiaji 1: Na suruali uliyovaa, jina lake lilianzia Uajemi, likapitia kwa Waarabu ndipo likatufikia. Umeshaivua?