Brightburn: wale wazazi walikosea wapi?

Mama wa Kihonda
Habari zenu wadau. Ambaye hajaitazama muvi ya Brightburn apite kwanza, maana nitaisimulia mpaka mwisho.

Ninamlea mtoto wa marehemu dada yangu. Nilimchukua ana miezi minane, sasa ana miaka 12 na mimi ndiye anayeniita mama. Jumamosi tuliiweka hii muvi ya 2019. Nilipoona mtoto kajifunga kitambaa chekundu mgongoni nikajua ni yale yale ya Superman, yule shujaa wa katuni anayeruka angani. Kufika pale mhudumu wa mgahawa anachomoa kipande cha kioo jichoni, nikamwambia mwanangu akalale. Nikaimalizia peke yangu, taa zote zinawaka.

Ila si damu iliyoninyima usingizi, ni yule mama, Tori. Yeye na mumewe Kyle wanaishi shambani Kansas, Marekani, wametafuta mtoto wamekosa. Usiku mmoja chombo kinaanguka kutoka angani, ndani mna kichanga. Wanamlea kwa mapenzi yote. Anapofikisha miaka 12, kile chombo walichokificha bandani kinaanza kumwita. Kuku wanauawa, binti wa darasani kwake anavunjwa mkono, kisha watu wanaanza kufa. Kyle anamchukua mtoto kwenda kuwinda na kumpiga risasi ya kisogoni. Haiingii, na anayekufa ni Kyle. Tori anamtetea karibu mpaka dakika ya mwisho. Anamkumbatia akimwambia bado kuna wema ndani yake, huku mkononi ameficha kipande cha kile chombo, maana ndicho pekee kinachoweza kumkata. Mtoto anakiona. Anapaa naye mpaka juu ya mawingu, anamwachia.

Sasa naomba kuuliza. Ndiyo kusema damu ni damu, hata ulee vipi? Na je, kuna muvi nyingine za namna hii ambazo ubaya wa mtoto una chanzo?

Fundi Projekta
Pole sana dada. Niliwahi kuionyesha kwenye banda langu la video. Wateja wangu wamezoea kwamba steringi hafi, na mtoto mwenye nguvu ni steringi. Walikuwa wanamshangilia kabisa pale anapoingiza mkono kwenye mashine ya kukatia nyasi na panga lake likavunjika. Ilipoisha walitoka kimya, hata wale wa mstari wa mbele.

Kitu kimoja kinaweza kukusaidia. Superman mwenyewe alianza akiwa mbaya. Mwaka 1933 Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wa Cleveland, walitoa hadithi ya maskini aliyeokotwa kwenye foleni ya chakula cha bure, akapewa dawa na profesa, akapata uwezo wa kusoma mawazo ya watu, akautumia kwa uovu. Ndiye waliyempa jina hilo kwanza. Yule mwema tunayemjua alitoka 1938. Kwa hiyo Brightburn haikuzua hofu mpya. Wale vijana waliwaza ubaya kabla hawajawaza wema.

Binti Ngamiani
Kwa swali lako la pili, mama, tafuta Chronicle ya 2012. Hadithi ni ya Seattle, Marekani, ingawa sehemu kubwa walipigia picha Cape Town. Vijana watatu wanapata uwezo wa kusogeza vitu kwa akili, na mmoja wao, Andrew, ana baba mlevi anayempiga na mama mgonjwa kitandani. Anafikia kuiba ili apate hela ya dawa za mama. Kuna pale anapomnyanyua buibui hewani na kumchanachana bila kumgusa. Mimi hapo ndipo nilipoogopa kuliko sehemu zote, kwa sababu nilikuwa nimeshamhurumia. Chanzo unakiona kwa macho yako kinakua, kipigo baada ya kipigo.

Mwl. Mstaafu
Mama, mimi sikubali kwamba Brightburn inasema damu ni damu. Turudi pale bandani. Wale wazazi walimpenda, hilo sibishi. Lakini kile chombo walikifungia chini ya sakafu miaka yote hiyo. Siku Tori anamwambia mtoto alikotoka, wamesimama mbele yake usiku, na chombo kimeshamwita. Mtoto anapiga kelele kwamba wamemdanganya, na kwa hilo hakukosea. Nimefundisha miaka 31 na nimewaona watoto waliosikia habari zao kwa jirani. Hawakuwa na nguvu za kuruka, lakini macho yalikuwa yale yale.

Mama wa Kihonda
Asanteni mno. Chronicle nitaitazama mwenyewe kwanza.

Mwalimu, ulichosema nimekisoma mara tatu. Mwanangu anajua alikuwa na mama mdogo aliyefariki. Hajui kwamba ndiye aliyemzaa. Kila mwaka nilisema akue kidogo. Leo asubuhi akinywa chai ameniuliza, "Yule mama wa mgahawani alipona?" Nikamjibu hapana. Akauliza kwa nini mtoto alikasirika vile, nikajifanya natafuta sukari.

Picha ya dada akiwa na mimba yake iko kwenye sanduku juu ya kabati. Jumapili hana shule. Nitaishusha.

Mwl. Mstaafu
Ishushe mchana, mama, na ukae naye karibu. Ataanza kuuliza mdogo mdogo. Mjibu yote.