Naombeni ushauri: safari ya ghafla wikiendi hii, na kadi yangu ya ukaazi imeisha muda

Wakuu, habari za jioni. Nasoma Ujerumani, mwaka wa pili sasa. Leo rafiki yangu kanipigia simu: Jumamosi alfajiri tupande treni twende Prague, nchi jirani ya Czech, Jumapili usiku tuwe tumerudi. Nikakubali hata kabla hajamaliza kueleza. Huyu ndiye aliyenitoa chumbani majira ya baridi yaliyopita, siku ambazo sikutaka hata kufungua pazia. Kumwambia hapana kunaniuma sana.

Shida ni karatasi. Kadi imeisha, ila niliomba kuongezewa muda kabla haijaisha, nikapewa cheti cha muda, kile cha kukunja chenye visanduku vitatu vya kuweka alama. Changu kimewekwa alama kwenye kisanduku cha tatu, kifungu cha 81 aya ya 4 cha sheria ya ukaazi ya Ujerumani. Pasipoti ni hai. Najua mwenye kibali halali anaweza kutembelea nchi nyingine za Schengen (zile za Ulaya zilizokubaliana kuondoa ukaguzi wa kawaida mipakani mwao) hadi siku 90 ndani ya 180, lakini je, na cheti hiki? Kwenda sina hofu sana. Kurudi ndiko kunaninyima usingizi, maana Septemba 2024 Ujerumani ilipanua ukaguzi hadi mipaka yake yote ya nchi kavu.

Kuna aliyewahi kuvuka nacho akakaguliwa ndani ya treni? Nibebe na kadi ya zamani? Au nimwombe tushukie Dresden, huku huku Ujerumani, iko njia hiyo hiyo, na hatutavuka mpaka? Tiketi anakata kesho mchana.