Seva inadai diski imejaa ilhali nafasi ipo tele

Muulizaji, Sinza:
Habari za jioni, ndugu wataalamu. Ninasimamia kompyuta za studio ndogo ya picha na video za harusi hapa Sinza. Kazi zikishahaririwa kwenye Windows, tunazinakili kupitia mtandao wa ndani hadi kwenye seva ya Ubuntu (mfumo wa aina ya Linux) yenye Samba (programu ya kushirikisha folda na Windows), ambayo ina diski ya nje ya terabaiti 4. Jana nilipokuwa nikinakili video ya gigabaiti 38, kazi ilikatika katikati kwa ujumbe kwamba diski imejaa, na leo hata picha moja haipokelewi, ingawa diski hiyo hatujaitumia hata nusu. Nimefuta faili kadhaa kubwa bila mafanikio. Sijui kama hili linahusiana, lakini folda za harusi za zamani nazo hazionekani. Nilidhani mwenzangu amezihamisha. Naomba msaada, kwani kuna bwana harusi anayedai video yake kabla ya Ijumaa.

Mchangiaji, Tabata:
Pole sana, ndugu. Ujumbe huo usiuamini neno kwa neno, kwa kuwa Windows hukuonyesha tu jibu ililopewa na seva, na seva inaweza kujibu hivyo kwa sababu kadhaa. Diski ya FAT32 (mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili) ingekataa faili ya gigabaiti 4 na kuendelea, lakini isingezuia picha ndogo. Huenda mtumiaji amewekewa kikomo cha nafasi, au inodi (nafasi za kuorodhesha faili, kila faili moja yake) zimekwisha, jambo linalotokea diski inapojazwa faili ndogondogo zisizo na idadi. Ingia kwenye seva, andika df -h (huonyesha nafasi) kisha df -i (huonyesha inodi), utuletee majibu. Kwa sasa usifute kitu kingine chochote.

Muulizaji:
Ahsante, mkuu. Mstari wa /, yaani diski ya mfumo, unaonyesha gigabaiti 110, zimetumika zote. Inodi zimetumika asilimia 6 tu. Mstari wa /mnt/video, ambako diski ya nje hukaa, siuoni kabisa.

Mchangiaji, Mbagala:
Kukosekana kwa mstari huo ndilo jibu lenyewe, na zile folda zilizopotea zilikuwa zimekwisha kukudokeza. Je, umeme ulikatika hapo karibuni? /mnt/video ni folda ya kawaida iliyomo ndani ya diski ya mfumo, na diski ya nje inapomauntiwa, yaani inapounganishwa na folda hiyo, huifunika. Isipomauntiwa, Samba huendelea kuitoa folda hiyo kwa watumiaji bila kulalamika, na kila mnachonakili kinaingia kwenye diski ndogo ya mfumo hadi inafurika. Harusi zenu za zamani, bila shaka, zimo kwenye diski ya nje.

Simamisha Samba kwanza kwa sudo systemctl stop smbd, kisha tazama kwa lsblk kama diski inaonekana; isipoonekana, kagua waya na umeme wake. Usikimbilie kuimaunti mahali pake pa kawaida, kwa sababu faili zilizoingia kimakosa zitafunikwa na zitaendelea kula nafasi bila wewe kuziona. Imaunti kwa muda kwenye folda nyingine, tuseme /mnt/muda, unakili humo kwa rsync vyote vilivyomo /mnt/video, uhakikishe vimefika, ndipo uvifute. Folda ikiwa tupu, andika sudo chattr +i /mnt/video, ili siku diski isipomauntiwa seva ikatae kuandika badala ya kupokea kimyakimya. Hapo ndipo urudishe diski mahali pake na kuwasha Samba.

Mchangiaji, Tabata:
Nakubaliana na mwenzangu. Tazama pia /etc/fstab (orodha ya diski za kumaunti seva inapowaka): nadhani aliyewafungia seva aliandika nofail (diski ikikosekana, endelea tu), ndiyo maana iliwaka bila diski. Mimi nisingeliondoa neno hilo, kwa sababu bila hilo seva ingesimama njiani ikisubiri mtu mwenye kibodi. Kama Samba yenu ina pipa la taka, ulivyofuta huenda vimehamia tu kwenye folda iliyofichwa.

Muulizaji:
Ni kweli tupu. Umeme ulikatika juzi usiku, na adapta ya diski ilikuwa kwenye soketi ya ukutani ambayo mtu aliizima, wakati seva yenyewe iko kwenye UPS (betri ya akiba). Nimekuta gigabaiti 27 ndani ya .recycle, folda ya pipa hilo la taka. Folda za zamani zote zimerudi, nimehamishia adapta kwenye UPS, na video ya bwana harusi inanakiliwa sasa hivi. Imefika asilimia 60.