Baba anaenda ulinzi wa amani nje, mtoto yuko kidato cha sita: tuandae nini kabla hajaondoka?

Shangazi_Ukonga
Habari za humu ndani. Kaka yangu ni askari wa JWTZ, amepangiwa Jamhuri ya Afrika ya Kati chini ya MINUSCA, ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa, kama mwaka mzima. Mwanawe yupo kidato cha sita, shule ya kutwa, mtihani Mei. Mama wa mtoto ni marehemu, mlezi nabaki mimi. Je, nimhamishie shule ya karibu na kwangu? Na kaka aniachie karatasi gani?

Mwl_Taaluma
Shule usimhamishe, dada. Mtahiniwa akishasajiliwa NECTA (Baraza la Mitihani), namba yake ya mtihani ni ya kituo kile, kwa hiyo hata akisoma kwingine atarudi kufanyia palepale. Kama shida ni daladala za alfajiri, hamisha malazi. Uliza kama shule ina kambi ya kidato cha sita, au mtafutie ndugu anayekaa jirani.

Nendeni wote wawili kwa mkuu wa shule kabla kaka hajasafiri. Aandike barua ya kukutambulisha kuwa mlezi, jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa (NIDA), na namba mbili za simu. Barua iingie kwenye faili la mwanafunzi. Bila hiyo, kijana akiugua shule itahangaika na simu ya baba ambayo haipatikani. Hapohapo ombeni kuona majina yake kwenye usajili.

Karani_wa_Fomu
Mei mbona nyepesi! Kazi iko Juni mpaka Septemba. Akimaliza mtihani anaweza kuitwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria. Matokeo kwa kawaida hutoka Julai, yeye bado kambini, na simu huko ni za kubahatisha. Kipindi hichohicho ndipo madirisha ya maombi ya vyuo na ya mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu) yanapokuwa wazi. Baba hayupo, mtoto hayupo, karatasi zote zinakuangukia wewe.

Kwa hiyo sasa hivi shughulikia RITA, wakala wa vyeti vya kuzaliwa na vya vifo. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto na cheti cha kifo cha mama vyote vifanyiwe uhakiki mtandaoni, maana Bodi haipokei cheti ambacho hakijahakikiwa. Kama mama alizikwa mkabaki na kibali cha mazishi tu, cheti cha kifo hakipo, na kukifuatilia kunachukua muda. Cha mama usikidharau: ndicho kinachothibitisha kuwa mtoto amefiwa na mzazi mmoja.

Kinachokwamisha wengi ni majina. Mfumo wa mkopo unamtambua mwombaji kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne na unavuta jina kutoka NECTA. Cheti cha kuzaliwa kikisema Juma Hamisi na NECTA ikasema Juma H. Salumu, mtakwama. Hati ya kiapo iandaliwe kwa wakili mapema, baba akiwa bado Dar.

Jambo jingine: akaunti za maombi zifunguliwe kwa laini ya simu inayobaki nyumbani. Namba za siri za kuthibitisha zinatumwa kwenye laini hiyo, na ikiwa ipo mfukoni mwa kijana kambini, dirisha linafungwa mnaangalia. Nywila ziandikwe kwenye daftari.

Afande_Mstaafu
Hela. Posho ya misheni usiipangie matumizi ya shule, inaweza kuchelewa. Kaka aende benki aache agizo la kudumu, kiasi fulani kitoke kwenye mshahara wake kila mwezi kiingie kwako. Ni bora kuliko kuachiwa kadi na namba ya siri, kadi ikimezwa na mashine mwenye akaunti yuko mbali.

Mawasiliano: kule saa ziko nyuma ya Dar kwa saa mbili. Baba akipiga saa tatu usiku ya kwao, huku ni saa tano na mtoto ana karatasi ya mtihani asubuhi. Pangeni siku mbili za wiki, jioni, na simu isipoingia isihesabiwe kuwa habari mbaya. Uvumi wa WhatsApp ni mbaya zaidi. Wakati wa shambulio dhidi ya walinda amani wetu Semuliki kule Kongo, Desemba 2017, familia nyingi zilikaa roho juu. Chukua namba ya ofisi ya kikosi chake hapa nyumbani, uulize huko tu. Na kijana asiweke mtandaoni picha wala jina la mahali baba alipo.

Shangazi_Ukonga
Asanteni sana. Fomu ya mkopo inataka mdhamini. Kaka akiisaini tupu kabla hajaondoka, itafaa?

Karani_wa_Fomu
Haifai, dada. Fomu inachapwa baada ya kujazwa kwenye mfumo, kwa hiyo leo hakuna cha kusaini. Mdhamini kuwa wewe: picha yako ndogo, nakala ya kitambulisho, saini yako. Halafu serikali ya mtaa wagonge mhuri, na wakili au hakimu ashuhudie, ndipo kurasa zilizosainiwa ziskaniwe na kupakiwa. Saini ya kaka usiiigize hata kama unaijua.

Na kama kijana ametimiza miaka 18 na hana NIDA, aanze wiki hii. Fomu inauliza taarifa za wazazi, mchukue nakala ya kitambulisho cha baba mngali naye.