Faiba, ruta ya laini au bando la simu: kipi kinapunguza gharama ya intaneti nyumbani?

nyumba_ya_watano: Wadau, nyumbani tuko watano. Wawili ni wanafunzi, mmoja anafanya kazi kwa mikutano ya video. Kila mtu ananunua bando lake, na mwisho wa mwezi tukijumlisha, hela inauma. Mezani nina faiba (intaneti ya waya), ruta ya 4G au 5G inayotumia laini ya simu, au tununue bando moja kubwa tugawane kwa hotspoti. Nilinganishieni kwa gharama ya kweli, siyo ya tangazo.

fundi_waya: Mkuu, kabla ya kampuni, jua nyumba inakula kiasi gani. Kwenye mipangilio ya kila simu kuna sehemu ya matumizi ya data. Kusanya za wote, jumlisha. Video ya ubora wa kawaida hula kama GB 1 kwa saa, HD hufika GB 3, 4K yenye picha kali zaidi hufika GB 7. Sasa vijana wawili, kila mmoja na simu yake, wakitazama HD kwa muda wa saa mbili kila jioni, hiyo ni GB 12 kwa siku, GB 360 kwa mwezi. Bando la simu halibebi mzigo huo hata ulibembeleze.

Kuhusu spidi, usiuziwe usichohitaji. HD inataka Mbps (megabiti kwa sekunde) 5 hivi, 4K kama 15. Kwa watu watano wasiong'ang'ania 4K, Mbps 30 zinatosha kabisa. Halafu ukiona Mbps 40, gawanya kwa 8 upate megabaiti: ni MB 5 kwa sekunde. Watu wengi wanachanganya hapo, wanadhani wameibiwa.

mama_kibubu: Nakubaliana na fundi, ila faiba nayo ina mitego. Bei inayopigiwa kelele mara nyingi ni ya miezi ya mwanzo tu. Chukua karatasi: ada ya kufunga, kodi ya ruta, bei ya promosheni na bei itakayofuata. Jumlisha vyote kwa muda wote wa mkataba, ugawanye kwa idadi ya miezi. Namba hiyo ndiyo ya kulinganisha. Mimi nilipofanya hivyo, kifurushi kilichoonekana rahisi kiligeuka kuwa ghali kuliko kingine.

Na neno "bila kikomo" lisomeni mpaka chini. Vifurushi vingi vina kiwango, ukikipita spidi inashushwa mpaka mwezi uishe. Uliza kiwango hicho ni GB ngapi, ukiweke kando ya zile 360 za fundi.

mpangaji_daima: Kwa sisi tunaohamahama, ruta ya laini ina faida yake: unaibeba na kuichomeka kwingine, bila kuvunja mkataba wala kulipa ada ya kufunga upya. Udhaifu wake ni jioni, mnara unapolemewa na watu. Kwa hiyo usinunue kabla ya kupima. Tafuta simu yenye laini ya mtandao huohuo, simama pale utakapoiweka ruta, upime saa mbili usiku. Kipimo cha asubuhi kitakudanganya. Ukishanunua, iweke juu, karibu na dirisha linaloelekea mnara, siyo nyuma ya televisheni.

shamba_la_juu: Huku kwetu faiba haifiki, natumia setilaiti. Zile za zamani zinakaa kilomita karibu 36,000 angani, kwenye mkutano sauti inachelewa mpaka mnakatizana. Za Starlink ziko kilomita kama 550, mazungumzo yanakwenda vizuri. Lakini dishi unalinunua, na linakula umeme kuliko ruta ya kawaida. Kama faiba inafika mlangoni kwako, usihangaike na hii.

nyumba_ya_watano: Asanteni sana. Faiba ipo mtaani. Jirani amependekeza tuchange, mstari mmoja nyumba mbili. Mnasemaje?

fundi_waya: Soma mkataba kwanza, wengi wanakataza. Na hata wakiruhusu, jina lililosajiliwa ni lako, kwa hiyo lolote litakalofanyika kwenye mstari huo litaanza kuulizwa kwako. Mkikubaliana, mfungulie mtandao wa wageni wenye nenosiri lake, asiingie kwenye vifaa vyenu.

Jingine, kabla hujapandisha kifurushi kwa sababu "intaneti iko slo," chomeka kompyuta kwa waya moja kwa moja kwenye ruta upime. Kwa waya ikiwa sawa, tatizo ni Wi-Fi. Jaribu Wi-Fi ya masafa ya 5 GHz mkiwa karibu na ruta, 2.4 GHz vyumba vya mbali maana inapenya kuta vizuri zaidi. Hapo hujalipa hata senti.

mama_kibubu: Na zimeni video zinazojicheza zenyewe, mweke picha zijihifadhi mtandaoni kwa Wi-Fi tu, la sivyo mtalipia faiba na bado bando za simu ziendelee kuisha.

nyumba_ya_watano: Tumejumlisha usiku huu, tunapita GB 300. Tunachukua faiba ya Mbps 30, ya mwezi kwa mwezi. Ruta ni yao, ya kukodi.

mpangaji_daima: Vizuri. Siku wakiifunga, piga picha namba ya ruta na hali yake, na ukiirudisha dai risiti. Ada ya kifaa "kisichorudishwa" huja baadaye, ukiwa umeshasahau.